Kidole Yangu na Bonde ya Mushitu

Bamama wangu wa Pweto, nyinyi bote mulivuka ziwa juu ya vita na sasa munakaa hapa Nchelenge karibu na mulango yangu: kila siku ku kisima munaniuliza habari ya safari. Kila mutu ninamupa kipande, na kesho yake ninasikia ile kipande imeota mukia. Basi ninaandika yote mara moja, kisha muniache nichote mayi kwa amani. Masomo yangu ni ya miaka tatu, ya misioni. Musitafute hapa maneno ya mapambo. Nitasema kitu niliona.

Kwanza mujue juu ya nini mwanamuke wa umri yangu alifunga kitambaa akatoka. Ku kisiwa yetu, kule mama alinizalia, kuko bonde moja tu, na ndani ya bonde kuko mushitu. Wenye hamuijue: mushitu ni pori ya miti mirefu inasimama na miguu ndani ya mayi, giza na baridi hata mwezi wa kumi, wakati jua inapasua mawe. Kuko kima, kuko fisi-maji, kuko bipepeo ya rangi sijue jina yake. Zamani muzungu moja alikuya na wavu ya kuikamata, akakaa wiki tatu, na siku ya kuondoka uso yake ilikuwa kama ya mutu amefiwa. Alimwambia mama yangu kwamba zingine hajaionaka fasi ingine. Mayi inatoka chini ya ile miti, inashuka mu matete ya kando ya ziwa, na mu matete njo samaki inataga mayai. Katikati ya mushitu kuko makaburi ya ukoo yetu, sisi Bena Isabi, ukoo ya Samaki. Kwetu mutoto ni wa ukoo ya mama, na mwanamuke mukubwa wa ukoo njo anasema juu ya makaburi. Dada yangu alipokufa, nilibakia miye.

Kampuni moja ilipata shaba ku kilima ya kisiwa. Ilitaka kuchimba kilima, na ilitaka bonde vilevile, fasi ya kumwaga matope inabakia kisha kuosha mawe. Mukubwa wa kijiji ni Musonda, mutoto wa huyu dada yangu. Miye njo nilimulea. Alinifikia Nchelenge na papie mukononi, ile ya kampuni, inangojea alama ya kidole yangu.

"Mayo," akasema, njo vile kwetu tunaita mama kwa heshima, "tia kidole hapa. Batatujengea dispansere. Bataleta mashua ya motere."

Musimufikirie mutu wa tamaa. Muke wake Chanda alikufa ndani ya mutumbwi, katikati ya ziwa, bakimupeleka kuzaa ku lopitalo. Mutoto alikufa naye. Musonda mwenyewe njo alishika kasia ile siku. Tangu pale, mukimwambia neno kumi, anasikia moja tu: dispansere.

Nikamwambia, "Sitii kidole ku kitu sijaona. Ku Kopabelti, kule banachimba shaba, kuko mugodi ya miaka mingi. Mulamu wangu Bashi Mutale alizeekea mule. Nitaenda niangalie mugodi inaacha nini."

"Mayo, uko muzee. Utaona nini?"

"Muzee haiko kipofu."

Akanipa kuku ya njiani, hai, miguu imefungwa. Njo vile nilimulea.

Nchelenge mupaka Mwansabombwe

Nilipanda kamyo ya samaki. Shofere aliniambia nifike alfajiri, nikafika alfajiri. Barafu ilifika saa sita, na shofere mwenyewe alifika kisha barafu, amenyoa ndevu, ananukia sabuni. Nikamuliza kama alfajiri ya kwao inaanzaka saa ngapi. Akasema, "Mama, samaki haina saa." Nikasema, "Samaki imekufa. Miye ningali hai." Alinipa kiti ya mbele na hakunijibu tena mupaka Mwansabombwe.

Pale tulikaa tena. Alingojea bitunga bya samaki kutoka ziwa ndogo ya Mofwe, na kule upepo ilikataza mitumbwi kuingia. Bamama bakatuuzia muhogo ya kuchoma na chisense, ile samaki ndogo kama misumari, imekaangwa na pilipili. Nilikula nikiwa nimekaa juu ya gunia, pembeni ya muvuvi mumoja wa Mofwe, mutu wa miaka arobaini hivi, anashona wavu.

Nikamuliza, "Mpumbu iko?"

Akainua kichwa. "Mama, mpumbu gani? Miye ninaisikia tu mu midomo ya bazee."

Hapo nikaweka muhogo chini. Juu miye niliiona. Nilipokuwa mushikana, mvua ikijaza muto, ile samaki mpumbu ilipanda Luapula kutaga, mingi mupaka ulisikia muto inanguruma kama soko. Baba yangu na bandugu zake balifunga muto na nyavu, kutoka kando mupaka kando. Hatukutaka hata nyama, tulitaka mayai. Tuliyakamua, tukayakausha, tukayauza kwa batu ba migodi. Miye niliyala na kijiko, tumbo inauma, na ninaendelea kula. Miaka kidogo tu, muto ikanyamaza. Hakuna kampuni ilifanya vile. Hakukuwa hata muzungu mumoja. Njo sisi, na baba yangu alikuwa mutu wa kusali.

Nilimwambia muvuvi ile yote. Akaangalia wavu yake, matundu yake madogo hata kidole haipite, akasema, "Mama, unaniambia juu ya nini?"

"Juu umekaa karibu."

Akacheka kidogo, akaendelea kushona.

Chembe: mutu alikula samaki yangu

Mansa tulilala tu. Ku Chembe, pale batu banavuka Luapula na pontuni, ile chelezo kubwa ya chuma inabeba kamyo, tukakuta imeharibika. Fundi alikuwa ameingia ndani ya motere mupaka kiuno, miguu tu njo ilionekana. Tulikaa siku moja na nusu. Kuku ya Musonda tuliila pale, na bukali, ile ugali, ya shofere, na kufika siku ya pili nilibakiwa na samaki mbili za kukaushwa ndani ya kitunga.

Muzee moja akakuya kukaa karibu yangu, kofia ya majani, suruali imetiwa biraka. Akasalimia vizuri, akasema yeye ni wa ukoo ya Mamba, akauliza ukoo yangu. Nikamwambia: Samaki. Bila neno ingine akaingiza mukono ndani ya kitunga yangu, akatoa samaki kubwa, akaanza kuila kutoka kichwani.

Pembeni kulikuwa mushikana wa Kopabelti, nywele za kusuka, anarudi kwao kutoka matanga. Akasimama. "Mwizi huyu. Anamuibia mama muzee, munaangalia tu?"

Miye nikamwambia yule muzee, "Wewe Mamba mubaya, meno imekuisha na ungali unaiba."

Akatafuna pole pole. "Ajabu. Chakula yangu inanijibu."

"Utakufa na tumbo."

"Nikikufa utanioga wewe. Uanze kutafuta sabuni, miye niko muchafu."

Mushikana aliita hata polisi wa pontuni. Polisi akakuya, akauliza koo zetu, akacheka, akarudi kulala. Mushikana akabakia anatuangalia kama bichaa wawili. Nikamukalisha chini nikamufasiria, juu kwao ku muji habafundishwe tena. Ukoo ya Mamba na ukoo ya Samaki ni banungwe. Munungwe anaweza kukula kitu yako, kukutukana mbele ya bakwe zako, na haukasirike. Lakini siku ya kufiwa, yeye njo anachimba kaburi, yeye njo anaosha maiti, juu wenye kilio mikono yao inatetemeka. Na neno ile bandugu yako banaogopa kukuambia, yeye anakuambia.

Akauliza, "Sasa mama, alikuibia ao hakukuibia?"

"Aliniibia. Njo haki yake."

Muzee akanipa munkoyo yake ya kunywa, tamu, imechacha kidogo tu. Nikamuhadisia mambo ya papie na makaburi. Akauliza kama banungwe ba kisiwani bameulizwa. Nikasema hapana, makaburi ni yetu.

"Yenu ya nini? Nyinyi mulilala tu ndani. Sisi njo tulichimba."

Nikaichukua kama utani, nikamutukana mara ingine. Fundi akatoka ndani ya motere, mweusi kama chungu, tukavuka.

Njia ya Kongo

Ukivuka Luapula, wewe unaingia mu Kongo, unapita mu kipande ya inchi yao, unatoka tena Zambia. Wakati wa vita ile njia ilikuwa bariere juu ya bariere. Ku moja baaskari balitushusha bote. Shofere anajua Bemba tu, akaanza kutoa jasho. Serja mumoja, mvi kichwani, kiatu moja imefungwa na kamba, akafungua kitunga yangu, akatoa chupa ya mayi.

Ile chupa ilijaa mayi ya mushitu, ile mutumbwi ya kisiwa iliniletea. Nilitaka kuiweka karibu na mayi ya mugodi niangalie na macho yangu. Lakini vita ni vita: nyinyi munajua vile batu banaogopa mayi ya dawa, ile banapaka ili risasi igeuke mayi. Na miye, mujinga, nilikuwa nimeifunga na kitambaa nyekundu ili isimwagike.

"Mama, ile ni nini?"

"Ni mayi."

"Mayi deja najua. Ya kufanya nini?"

"Ya kuangalia."

Akageukia benzake. "Mumesikia. Mayi ya kuangalia." Bakashika bunduki vizuri. Shofere akaanza kusali kwa sauti.

Nikasema, "Serja, miye nilikaa upande yenu miaka kumi na mbili na bwana yangu, ku muji ya Kilwa, tukiuza samaki. Kama ningekuwa na dawa ya vita, ningeanza kutibu magoti yangu. Ni mayi ya kwetu. Banataka kumwaga matope ya shaba juu yake. Ninaenda kuona itakuwa namna gani."

Akaniangalia. "Kunywa."

Nikanywa. Bakangoja, sijue bakingoja nini, labda nipae. Sikupaa. Serja akachukua chupa mukononi mwangu, akanusa, akaonja. Kisha akafunga macho akanywa yote mupaka chini, na ilimwagika kidogo ku shingo yake.

"Vraima, kweli," akasema. "Tangu tulifika huku tunakunywa mayi ya shimo, pamoja na ngombe." Akanirudishia chupa tupu, na kitambaa yake, ameikunja. "Mama, pita. Kama bale batu bako na pesa ya kuharibu mayi kama hii, vita yao ni ingine."

Hivi nilifika ku migodi bila kitu ya kulinganisha.

Mayi bila chura

Bashi Mutale ni mulamu wangu, bwana ya marehemu mudogo wangu. Tulipofika akanichekelea ku mulango. "Mulamu, ulikuya kunioa? Umechelewa, kikohozi imenioa mbele." Alifanya kazi miaka makumi mbili na nane chini ya udongo. Kifua yake inapiga filimbi hata akilala. Alinipikia mwenyewe, bukali na kabichi, akakataa nisaidie. Akasema tangu mudogo wangu alikufa amekuwa bwana na bibi ndani ya nyumba moja na habagombane.

Siku ya pili nikamuomba anionyeshe mayi. Tukapita karibu na kilima nyeupe, refu, haina hata nyasi. Akaniambia ile siyo kilima ya Mungu, ni matope ya mugodi, imekauka. Chini yake kulikuwa kijito.

Bamama, sitaficha haya yangu. Miye mutoto wa ziwa, nikasimama pale nikasema, "Kumbe batu banasema uongo. Hii mayi ni safi kupita ya kwetu." Ilikuwa safi kweli. Uliona kila jiwe. Kwetu mayi ya mushitu iko rangi ya chai, kuko majani, kuko wadudu wanakimbia juu yake.

Bashi Mutale akacheka mupaka kikohozi ikamukalisha chini. "Angalia tena, mulamu. Ulikulia ndani ya mayi, angalia."

Nikainama. Hakukuwa konokono ku mawe. Hakukuwa viluwiluwi. Hakukuwa ule utelezi wa kijani unashikaka mguu. Mawe ilikuwa na ukoko ya bluu, kama sufuria ya shaba imesahauliwa. Nikaingiza mukono nikainua jiwe, chini yake mchanga tu. Nikasema tukae. Tukakaa mupaka jua ilishuka, na wakati ile, kwetu, chura inapiga kelele mupaka unarudia neno mara mbili. Pale nilisikia kifua ya mulamu wangu tu.

"Mudogo wako alilima hapa kabichi," akasema. "Miaka ya kwanza ilikubali. Kisha majani ikawa manjano. Akafikiri batu banamuroga. Aligombana na jirani, masikini, mupaka siku alikufa habakusemezana."

Nikasema nimeona, kesho ninarudi. Akasema, "Hapana. Umeona nusu. Ukirudi na nusu, utakuwa muongo."

Kesho akanipeleka ku lopitalo ya mugodi. Nyumba kubwa, ya matofali, na veranda ndefu. Akanionyesha dirisha moja. "Batoto yangu inne balizaliwa nyuma ya ile dirisha. Sikulipa kitu. Siku ya kuzaliwa Mutale, mudogo wako alitoka damu mingi. Banganga batatu ba lopitalo bakakimbia kumuokoa. Batatu, mulamu. Kama alikuwa kwenu, tungemuzika." Akasema tena, "Mugodi haikunipa bure, lakini ilinipa. Nyumba, masomo ya batoto. Usiende kusema haikunipa."

"Siseme vile. Sasa juu ya nini mulango imefungwa?"

"Mugodi iliuzwa. Benye kununua banataka shaba, habataki lopitalo. Asubuhi moja manesi balikuta mulango na kufuli." Mbuzi ilikuwa imelala ku ngazi. Akaifukuza na fimbo, sijue juu ya nini, haikusumbua mutu. "Ile ilikwisha siku moja. Na kijito, unaona, haikujua kama mugodi imeuzwa."

Niliondoka kesho. Alinisindikiza mupaka kamyo, pole pole, anasimama kila nyumba ya tatu kuvuta pumzi.

Kuvuka

Kurudi siandike mingi. Ku Mansa nilinunua kikanda, ile mukate nyekundu ya mizizi ya pori na karanga, na muuzaji akaniambia kwao mizizi ilikwisha, banaichimba sasa mbali sana. Nikaila tu. Njaa haina aibu.

Nchelenge nilikuta Musonda ananingojea na mutumbwi ya kunipeleka kisiwani. Hakuniuliza kitu, na miye sikusema, juu desturi ni kusema mbele ya bote. Upepo ilitufunga siku mbili ku kambi ya bavuvi. Tuliona mitumbwi inatoka upande yenu, imejaa batu na magodoro na sufuria. Ndani ya moja mulikuwa nyinyi, labda. Musonda alikuwa anawaangalia bamama ndani yake. Akiona mumoja wenye tumbo, anageuza uso.

Ile siku mbili nilikata shauri, na ninaiandika hapa juu ni zambi yangu. Niliona kwamba mushitu haitakufa kwa kidole yangu. Lakini sikutaka Musonda anichukie. Basi nilisema moyoni: nitawaambia makaburi yamekataa. Bazee habapendi kuhamishwa, nimeota ndoto, basi. Akasirike na bale balikufa; bao habasikie.

Mukutano

Kampuni ilimutuma mushikana, Misi Zulu, mwenye kusoma mawe, viatu ya ngozi mupaka chini ya goti, lakini alipiga magoti kunisalimia kama mutoto mwenye kufundishwa. Kijiji yote ilikaa. Musonda aliweka papie juu ya meza, na wino.

Nikasimama, nikaanza maneno yangu ya makaburi. Sijafika mbali, Bana Kabwe akapita katikati ya batu, akakaa chini mbele ya meza, miguu ameinyoosha. Bana Kabwe ni mwanamuke wa ukoo ya Mamba, umri yangu, jicho moja haione. Hakuna mutu alimuita.

Musonda akasema, "Mama, hii ni mambo ya ukoo ya Samaki."

"Tangu wakati gani samaki inafanya mukutano na haimuite mwenye kuikula?" Batu bakacheka. Bana Kabwe hakucheka. "Nimesikia munazungumuza makaburi. Nani aliosha bale balalaji? Mama yako, Musonda, miye. Muke yako Chanda, miye, na mutoto nikamulaza juu ya kifua yake. Bwana yangu njo alichimba. Ninajua kila mutu kule analala upande gani. Kama munataka kuhamisha, tutahamisha, njo kazi yetu. Habatakataa. Habajakataa kitu tangu niliwafunga taya."

Kisha akanigeukia na ile jicho moja. "Na wewe, Samaki muzee, usijifiche nyuma ya mifupa. Bale habakunywe mayi. Uliitwa useme juu ya wenye kunywa. Sema."

Hakuna mutu ingine angeweza kuniambia vile, na sikuweza kukasirika. Muzee wa Chembe alinionya nikamutukana.

Nikasema. Niliwahadisia kijito, mawe ya bluu, na vile nilisimama nikaisifu. Niliwahadisia dirisha ya batoto inne, na banganga batatu balikimbia, sikuficha. Niliwahadisia kufuli. Niliwahadisia mpumbu pia, ili basifikiri kama sisi ni batu safi na kampuni njo shetani. Kisha nikamwambia Misi Zulu, "Kilima, muchukue. Mawe ya kilima sikuipanda miye. Lakini matope, muibebe na mashua mutoke nayo. Bonde siyo ya kumwagia. Kama ni vile, ninatia kidole sasa hivi."

Misi Zulu aliangalia viatu yake. "Mama, sitakudanganya. Nitaandika vile ulisema. Lakini kubeba matope kupita ziwa inakula shaba yote na zaidi. Bakubwa bangu batasema tutafute kilima ingine."

"Na dispansere?"

"Bila mugodi, hakuna dispansere."

"Asante kwa kusema kweli," nikasema. Nikarudisha wino upande yake.

Hapo Bwalya akasimama, mudogo wa Musonda, mushikana bado, tumbo yake ya miezi saba. Hakupaza sauti. "Mayo, na miye? Nitazalia wapi?"

Bamama, nimewajibu batu maisha yangu yote. Munanijua. Ile siku jibu yangu ilikuwa ndogo. Nikasema, "Uhamie Nchelenge mwezi moja mbele ya kuzaa, ulale kwangu."

Akasema, "Na batoto yangu wawili nitawaacha na nani? Na shamba? Na wengine, kila mwaka, bote balale kwako?"

Akakaa. Hakuna mutu alinitukana. Bana Kabwe alikuwa anaangalia chini.

Mutumbwi ya Musonda

Musonda mwenyewe alinirudisha. Alikataa kunipa mutu ingine. Ziwa ilikuwa imetulia, na alipiga kasia kutoka asubuhi mupaka jua ilifika upande ingine. Fasi moja katikati aliacha kupiga. Mutumbwi ikaelea. Nilijua ni pale Chanda alikufia. Nikatoa kitambaa kichwani, kwa heshima, na tukakaa vile mupaka akashika kasia tena.

Tulipofika Nchelenge alibeba kitunga yangu mupaka mulangoni. Nikasema aingie akule. Akakataa. Akapiga magoti, akapiga makofi pole pole kama mutoto mbele ya mama yake, kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira:

"Mayo, miye sijue kama ulisema vibaya. Lakini mwingine akinikufia pale katikati, sitamurudisha kisiwani kwanza. Nitamuleta hapa, kwa mulango yako. Wewe njo utakuwa wa kwanza kumuangalia."

Nikamwambia, "Mulete."

Akaenda.

Misi Zulu na benzake balifunga hema zao, bakaondoka mbele mvua ianze. Mushitu iko. Samaki ilitaga. Bwalya alizaa kwangu mutoto mwanaume, munamujua, nyinyi njo mulimubeba. Lakini kisiwani kuko wengine watatu na matumbo, na hakuna mumoja amekubali kuhamia. Mutumbwi ya kisiwa inafika Ijumaa. Mulishaniuliza juu ya nini kila Ijumaa ninaacha kazi yangu ninaenda kusimama ku kando ya ziwa, miye sinunue samaki. Ninaangalia kama kuko mutu amelazwa ndani. Mupaka leo, bote banafika bamekaa.